BuzzFeed: Wasomaji walipochoka na bidhaa ya kuokoteza, hisa zikafuata

KAMPUNI ya BuzzFeed ya New York, Marekani, iliingiza hisa zake katika soko la Nasdaq Desemba 6, 2021. Kila hisa ilikuwa imepangiwa dola 10 za Marekani. Siku hiyo hiyo ya kwanza bei ilishuka kwa takriban asilimia 11. Miezi sita baadaye, Juni 2022, wenye hisa wa zamani waliporuhusiwa kuuza, bei iliporomoka kwa karibu asilimia 40 kwa siku moja. Kufikia Aprili 2023 hisa moja ilikuwa inauzwa chini ya dola 1, bei ambayo Nasdaq haiivumilii kwa muda mrefu. Mei 2024 kampuni ikalazimika kuunganisha kila hisa nne kuwa moja.

Maana ya hatua hiyo kwa mwenye hisa ni rahisi kuielewa. Aliyenunua kwa dola 10 mwanzoni alihitaji sasa kuona bei ya dola 40 ili arudishe fedha zake tu, bila faida. Mwaka 2024 ulimalizika hisa ikiwa chini ya dola 5.

Swali ni ilikuwaje kampuni iliyokuwa ikitembelewa na mamilioni ya watu kila mwezi, na iliyowahi kuthaminiwa dola bilioni 1.7, ikafika hapo. Majibu yanayotolewa mara nyingi ni mawili. La kwanza ni kwamba Facebook ilibadili utaratibu wake wa kuwaonyesha watu habari. La pili ni kwamba fedha za matangazo zilimezwa na Facebook na Google. Yote mawili ni kweli, na tutayaeleza. Hata hivyo yanaacha jambo moja pembeni: kwa nini msomaji, alipokuwa haletewi tena BuzzFeed mlangoni, hakuinuka kwenda kuitafuta mwenyewe?

Maoni ya ukurasa huu ni kwamba hakuinuka kwa sababu sehemu kubwa ya bidhaa ilikuwa ya kuokoteza. Cha kuokoteza hukipata kwa muokotezaji yeyote.

Kampuni ilivyoanza

Mwanzilishi wake, Jonah Peretti, alijulikana mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT. Aliagiza viatu vya Nike, ambavyo mnunuzi aliruhusiwa kuandikisha neno alipendalo, akataka viandikwe neno la kukejeli viwanda vinavyonyonya wafanyakazi. Nike wakakataa. Peretti akawapelekea rafiki zake barua alizoandikiana na kampuni hiyo, nao wakawapelekea wengine, na katika wiki chache zikawa zimesomwa duniani kote. Pale ndipo aliposhika somo ambalo lingemtajirisha: watu hupenda kupelekeana vitu, na anayejua watakachopelekeana ana biashara.

Mwaka 2005 alishirikiana na Arianna Huffington, Kenneth Lerer na wengine kuanzisha Huffington Post, ambayo kampuni ya AOL iliinunua mwaka 2011 kwa dola milioni 315. BuzzFeed yenyewe ilianza mwaka 2006, na ilianza kama maabara. Kazi yake ilikuwa kutumia kompyuta kutambua kitu gani kinaanza kusambaa katika intaneti, kisha kukichukua na kukipandisha jukwaani kabla wengine hawajakiona. Tangu siku ya kwanza, basi, biashara ilikuwa kukinusa kinachosambaa. Kukitengeneza ilikuwa shughuli ya watu wengine.

Wawekezaji walikipenda kipaji hicho. Agosti 2014 kampuni ya Andreessen Horowitz iliweka dola milioni 50. Mwaka 2015 NBCUniversal ikaweka dola milioni 200, na mwaka 2016 ikaongeza nyingine milioni 200. Thamani ikahesabiwa kuwa dola bilioni 1.7. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Disney walikuwa tayari kuinunua kwa mamia ya mamilioni ya dola, Peretti akakataa. (Wapo watakaosema leo kwamba huo ulikuwa uamuzi mbaya kuliko yote katika historia ya kampuni. Lakini aliyekataa bei wakati bei inapanda huonekana shujaa, na wakati ule hakuna aliyemcheka.)

Bidhaa yenyewe

Tuangalie sasa kilichokuwa rafuni. Kilichoitambulisha BuzzFeed kilikuwa orodha: picha 21 za hivi, sababu 17 za vile. Pembeni yake kulikuwa na chemshabongo za kumwambia msomaji yeye ni mji gani au chakula gani. Malighafi ya orodha hizo ilitoka hasa kwenye tovuti ambako watu wa kawaida huweka picha na mazungumzo yao bila malipo, kama Reddit na Tumblr. Mfanyakazi wa BuzzFeed aliikusanya, akaipanga, akaitungia kichwa cha habari kinachovuta, na kuiweka sokoni.

Juni 2012 jarida la Slate lilifuatilia chimbuko la orodha moja iliyovuma sana, ile ya picha 21 za kumrudishia mtu imani katika ubinadamu. Likaonyesha kwamba tovuti nyingine ndogo ilikwisha kutoa orodha ya namna hiyo hiyo kabla. Mwaka 2013 mpiga picha mmoja wa Marekani aliishitaki kampuni akidai dola milioni 3.6, akisema picha yake ya mchezaji wa soka iliwekwa katika orodha ya nyuso za kuchekesha bila ruhusa yake. Julai 2014 mwandishi mmoja wa siasa aliachishwa kazi baada ya wahariri kupitia makala zake 500 na kukuta mahali 41 penye maneno yaliyonakiliwa kwa wengine. Mhariri mkuu, Ben Smith, aliwaomba radhi wasomaji hadharani. Mwaka huo huo ikabainika kwamba kampuni ilikuwa imefuta kimyakimya zaidi ya makala 4,000 za zamani. Peretti alieleza kuwa hazikufikia kiwango walichokuwa wanakitaka sasa.

Mfano ulio bora zaidi ni wa gauni. Februari 26, 2015, BuzzFeed ilichapisha picha ya gauni ambalo baadhi ya watu waliliona la bluu na jeusi, wengine wakaliona jeupe na la dhahabu. Dunia nzima ikabishana. Kwa wakati mmoja watu zaidi ya laki sita walikuwa ndani ya ukurasa ule ule, idadi ambayo kampuni haikuwahi kuiona. Lakini gauni halikuwa la BuzzFeed. Picha ilipigwa kwa ajili ya harusi moja huko Scotland, ikawekwa Tumblr na mwanamuziki mmoja wa huko, na mfanyakazi wa BuzzFeed akaichukua na kuuliza swali. Kesho yake kila gazeti na kila kituo cha televisheni kilikuwa nayo pia. Aliyebishana juu ya gauni alilikumbuka gauni. Ni wangapi waliokumbuka walilisoma wapi?

Hapa inafaa tutoe mfano wa karibu. Pale Mombasa, Mtaa wa Biashara, kuna wauzaji wa khanga ambao alama yao ya K.H.E. Mali ya Abdulla inajulikana pwani nzima. Mama anayejua khanga huipekua pindo aitazame alama kabla ya kutoa fedha. Zipo za kuiga, na za kuiga huuzwa, lakini huuzwa kwa bei ya chini, na mnunuzi hamrudii muuzaji yule yule. Humwendea yeyote mwenye bei nafuu siku hiyo. Orodha za picha hazikuwa na pindo la kupekua.

Hesabu ya kunakili

Kunakili si ujinga wa kibiashara. Kuna hesabu nyuma yake, na hesabu hiyo ilifanya kazi kwa miaka kadhaa. Tuchukue mfano wa kubuni. Habari ya uchunguzi inayomchukua mwandishi miezi mitatu inaweza kugharimu dola 30,000 za mshahara, nauli na ada ya mwanasheria. Orodha ya picha 20 zilizookotwa inamchukua kijana mmoja nusu siku. Tuseme dola 100. Mtangazaji wa sabuni au gari halipi zaidi kwa sababu habari ilipatikana kwa taabu. Hulipa kwa kuhesabu macho. Kwa gharama ya habari moja ya uchunguzi unapata orodha 300, na huenda kumi kati ya hizo zikasambaa kama moto wa nyika.

Ubaya wa hesabu hii ni kwamba iko wazi kwa kila mtu. Kama dola 100 na kijana mmoja vinatosha, basi yeyote mwenye kompyuta anaweza kufungua duka lake kesho. Ndivyo ilivyokuwa. Kufikia mwaka 2013 kulikuwa na utitiri wa tovuti za aina hiyo, Upworthy na ViralNova zikiwamo, zote zikichota kisima kimoja na zote zikiiga vichwa vya habari vya mwenzake. Magazeti makubwa nayo yakajifunza kuandika orodha. Msomaji akawa anakutana na picha ile ile ya paka mara nne kwa siku, kila mara chini ya jina tofauti. Bidhaa inapokuwa nyingi na ya aina moja, bei yake hushuka, na bei ya nafasi za matangazo katika intaneti ilishuka.

Mwenye biashara hapa kwetu ambaye hana habari na hisa za Nasdaq bado ana sababu ya kuitazama hesabu hiyo, iwapo hulipia matangazo katika tovuti za Dar es Salaam au Nairobi kwa kigezo cha idadi ya waliobofya. Idadi hiyo haimwambii ni wangapi kati yao wangerudi kama kiungo kisingeletwa kwenye simu zao na mtu mwingine.

Barabara ya mtu mwingine

Tufike kwenye Facebook. BuzzFeed haikuwa na haja ya kuwavuta watu nyumbani kwake, iliwafuata walipo. Facebook ilipoanza mwaka 2015 utaratibu wa kuchapisha makala ndani ya Facebook yenyewe, BuzzFeed ilikuwa miongoni mwa washiriki tisa wa kwanza. Aprili 2016 wafanyakazi wake wawili walilivalisha tikitimaji mipira ya kubania, mmoja baada ya mwingine, kwa takriban dakika 45 hadi likapasuka, na watu zaidi ya laki nane wakawa wanatazama moja kwa moja. Wakati huo Facebook ilikuwa inawalipa wachapishaji ili watengeneze video za moja kwa moja, na BuzzFeed ndiyo iliyoripotiwa kupata fungu kubwa kuliko wote, takriban dola milioni 3 kwa mwaka.

Kampuni iliyolipwa na mwenye barabara ili ipitishe magari yake barabarani haina neno siku barabara inapofungwa. Mwaka 2017 BuzzFeed ilikosa lengo lake la mapato ikapunguza wafanyakazi wapatao 100. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza habari za ndugu na marafiki mbele ya habari za makampuni. Januari 2019 BuzzFeed ikapunguza asilimia 15 ya wafanyakazi wake, zaidi ya watu 200.

Katika punguzo hilo likajitokeza jambo ambalo wachunguzi wengi waliliacha lipite. Waliotolewa ni pamoja na mkuu wa chemshabongo, naye akaeleza kwamba sehemu kubwa ya chemshabongo zilizokuwa zikivuta watu iliandikwa na wasomaji wenyewe bila malipo. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa chuo huko Michigan, ambaye alikuwa ametunga mamia ya chemshabongo na kuwa miongoni mwa walioiletea kampuni wasomaji wengi zaidi duniani. Hakujua thamani ya kazi yake hadi watu walipoachishwa kazi, akasema hadharani kwamba anajisikia vibaya. Hapo ndipo hesabu ya kuokoteza inapofika mwisho wake: hata dola 100 za yule kijana zimeonekana nyingi.

Waliojua kutengeneza waliondoka

Isisemwe kwamba BuzzFeed haikuwa na watu wenye vipaji vyao. Ilikuwa nao wengi. Video za mapishi za Tasty, zilizoanza mwaka 2015, zilikuwa na mtindo wake: mikono miwili, sufuria, dakika moja. Ziliigwa kila mahali, lakini safari hii BuzzFeed ndiyo iliyoigwa. Wapo pia vijana wanne waliojiita The Try Guys, waliokuwa wakijaribu mambo ya ajabu mbele ya kamera. Mwaka 2018 waliondoka, wakachukua haki ya jina lao, wakafungua kampuni yao. Watazamaji wakawafuata. Kabla na baada yao watengenezaji wengine wa video waliondoka mmoja mmoja, na video za kueleza kwa nini nimeondoka BuzzFeed zikawa karibu aina ya mchezo kamili katika YouTube. Wakati huo huo watengenezaji wadogo wa nje walikuwa wakilalamika kwamba mawazo ya video zao yamechukuliwa na BuzzFeed na kurudiwa na watu wengine.

Ni vema kulitazama jambo hili kwa jicho la mwekezaji. Mtengenezaji mwenye jina lake alikuwa mali iliyoweza kutoka mlangoni na wateja. Orodha ya picha haikuweza kutoka mlangoni, lakini haikuwa na wateja.

Halafu kuna BuzzFeed News, idara ya habari iliyojengwa na Ben Smith tangu mwaka 2012. Hii ilikuwa kazi ya asili kabisa. Mwaka 2021 ilipata tuzo ya Pulitzer kwa habari za kimataifa, baada ya kutumia picha za satelaiti na utaalamu wa majengo kufichua makambi ambamo serikali ya China iliwaweka Waislamu wa jimbo la Xinjiang. Lakini ilipata hasara miaka yote, na Aprili 2023 ikafungwa, wafanyakazi wapatao 180 wa kampuni nzima wakipoteza ajira. Peretti aliwaandikia kwamba aliwekeza mno katika habari kwa sababu aliipenda kazi hiyo, na kwamba alichelewa kukubali kuwa mitandao mikubwa haitaisambaza wala kuigharimia.

Kwa hiyo anayedhani kitu cha asili hulipa chenyewe kwa sababu ni cha asili, hapa amepata jibu. Uchunguzi wa Xinjiang ulikuwa chini ya jina lile lile lililouza chemshabongo, msomaji wake akauliza kama kweli hao ni wale wa orodha za paka. Wenyewe wa pwani husema nguo ya kuazima haisitiri makalio, na ile ya BuzzFeed ilikuwa imeazimwa miaka mingi kabla idara ya habari haijashonewa yake.

Soko lilipotaja bei

Kuingia sokoni kwenyewe hakukuwa kwa kawaida. BuzzFeed ilitumia njia ya kuungana na kampuni tupu, yaani kampuni iliyokwisha kuorodheshwa ikiwa na fedha tu benki na haina biashara. Ndani yake kulikuwa na dola milioni 287.5. Sheria inamruhusu aliyeweka fedha kuzichukua iwapo haipendi ndoa inayofungwa. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi walichukua fedha zao, zikabaki takriban dola milioni 16. Wafanyakazi zaidi ya 70, wa wakati huo na wa zamani, walilalamika rasmi kwamba siku za mwanzo, bei ilipokuwa na nafuu, hawakuweza kuuza hisa zao kwa kuwa karatasi zao hazikutayarishwa ipasavyo. Kwa baadhi yao hisa hizo ndizo zilikuwa malipo ya miaka ya mishahara midogo.

Pamoja na kuingia sokoni, kampuni ilikopa dola milioni 150 na kuinunua kampuni ya Complex kwa dola milioni 300, milioni 200 zikiwa taslimu na zilizobaki zikiwa hisa. Mapato yalikuwa dola milioni 397.6 mwaka 2021 yakapanda hadi milioni 436.7 mwaka 2022, lakini mwaka huo wa 2022 hasara ilifika dola milioni 201.3. Muda ambao watu walitumia kusoma na kutazama ulikuwa unapungua. Deni likawa linadai.

Februari 2024 Complex iliuzwa kwa kampuni ya NTWRK kwa dola milioni 108.6. Katika mauzo hayo BuzzFeed ilibakiza kipande kimoja, First We Feast, chenye kipindi cha Hot Ones. Anayekijua kipindi hicho anajua kilivyo chepesi: mtangazaji Sean Evans anakaa mezani na mtu maarufu, wanakula mabawa ya kuku yenye pilipili inayozidi kila bawa, na huku machozi yakimtoka mgeni, Evans anamuuliza maswali aliyoyachimba vizuri. Kilianza mwaka 2015 na hakikunakiliwa kwa mtu. Desemba 2024 First We Feast nayo iliuzwa, kwa dola milioni 82.5, kwa kundi la wanunuzi wakiwamo mfuko wa Soros na Evans mwenyewe.

Mpenzi wa hesabu na afuatilie. Complex nzima ilinunuliwa kwa milioni 300. Vipande viwili viliuzwa kwa jumla ya milioni 191.1, yaani hasara ya karibu milioni 109. Lakini ndani ya hizo 191.1, kampuni ndogo ya kipindi kimoja cha kuku na pilipili ilileta dola 43 katika kila 100. Hayo hayakusemwa na mhakiki wa sanaa. Yalisemwa na watu waliotoa hundi.

Mashine ya kuokoteza

Januari 2023 Peretti aliwaandikia wafanyakazi kwamba akili bandia, ile programu inayotunga maandishi kutokana na mamilioni ya maandishi ya watu, itaingia katika kazi za kampuni, kuanzia na chemshabongo. Habari ilipovuja hisa ilipanda zaidi ya mara mbili kwa siku moja. Ulikuwa mchezo wa wachuuzi wa hisa, kwani miezi mitatu baadaye ilikuwa tena chini ya dola 1. Machi mwaka huo wachunguzi waligundua makala kadhaa za utalii zilizoandikwa kwa msaada wa mashine hiyo, ambamo miji mbalimbali ya dunia ilisifiwa kwa sentensi zinazofanana, kila mmoja ukiwa lulu iliyojificha.

Ukurasa huu hauoni ajabu. Kampuni iliyozoea kukusanya vya wengine imepata mashine inayokusanya kwa kasi zaidi. Ila mashine hiyo kila mtu anaikodi kwa bei ile ile, kama kisima kilivyokuwa cha wote mwaka 2013.

Yaliyobaki

Fedha za mauzo ya Complex na First We Feast zilikwenda kwa kiasi kikubwa kupunguza lile deni. Mapato ya mwaka 2024 yalikuwa dola milioni 189.9, asiyalinganishe mtu moja kwa moja na yale 436.7 ya mwaka 2022, maana Complex haimo tena. Zilizobaki mkononi baada ya mauzo hayo zilikuwa BuzzFeed yenyewe, Tasty, na HuffPost, ambayo BuzzFeed iliichukua kutoka Verizon kwa mapatano yaliyotangazwa Novemba 2020.

Anayesoma taarifa za fedha za kampuni ya namna hii asianzie kwenye idadi ya waliotembelea. Atafute mstari unaoeleza wangapi walikuja moja kwa moja, bila kuletwa na Facebook wala Google. HuffPost ina watu wa aina hiyo, wanaofungua ukurasa wake wa mbele asubuhi kwa mazoea, na viongozi wa kampuni wamekuwa wakiutaja ukurasa huo mara kwa mara wanapozungumza na wanahisa.

Februari 2025 Peretti alitoa waraka mrefu akilaumu mitandao mikubwa kwa kuwapa watu vitu vya kuwatia hofu, hasira na mshangao vilivyochaguliwa na mashine, akatangaza kwamba BuzzFeed itajenga mtandao wake wa kijamii. Safari hii, alisema, barabara itakuwa yao.